Tembe ya Goba

Nyumba yangu ya Goba niliitaka ile ya kisasa, ya paa lisiloonekana. Ukisimama barabarani uone boksi jeupe tu, kama zile za kwenye simu. Na kwa kuwa nilikuwa na ndoto ya kupandisha ghorofa siku Mungu akifungua, nikamwambia fundi amwage slabu nyumba nzima, mita 10 kwa 12, aizungushie kozi tatu za tofali, na nondo aziache zimechomoza ili majirani wajue safari bado inaendelea.

Fundi wangu alijisifia kitu kimoja: pimamaji yake. Kila mara ananiita juu nikashuhudie. "Cheki hapo bosi. Imetulia, haijatulia?" Ilikuwa imetulia kweli. Kipovu kimekaa katikati kama mtoto aliyeshiba uji. Nikauliza, sasa mvua ikinyesha maji yatapita wapi? Akanionyesha tundu moja la bomba kwenye kona. "Maji yana akili zake bosi, yatajitafutia njia." Nikaona hilo ni jibu la kitaalamu, nikamuongezea hela ya soda.

Vuli ya mwaka ule ilikuwa ya kubipu tu. Nikatamba.

Mwezi wa nne mama mkwe akaja kutoka Kongwa. Akashuka kwenye bajaji, akaikagua nyumba kutoka kona hadi kona, kisha akamnong'oneza binti yake kwa sauti ambayo mimi niliisikia yote: "Mbona mumeo kajenga tembe?"

Iliniuma. Nikamweleza kwa adabu kwamba hii, mama, inaitwa kontemporari. Akasema, "Haya baba. Ila tembe yetu ya udongo ilikuwa imeinama kidogo kwa nyuma. Hii yako imeinamia wapi?" Na hapo anazungumzia Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600. Dar inapita 1,000. Nikamuuliza habari za karanga.

Siku ya tatu ya masika vyura wakaanza kuimba. Vyura Goba si ajabu, ajabu ni kwamba walikuwa wanaimbia juu. Kesho yake jipsamu ya sebuleni ikaota kitambi, na kifuniko cha taa kikawa na maji nusu, kama glasi ya mgeni aliyekunywa kwa aibu. Nikazima meni swichi. Saa nane usiku nikachukua tochi na kipande cha nondo, nikaegemeza ngazi, nikapanda na bukta yangu.

Nilikuta bwawa. Sentimita 10, na fundi nimpe haki yake: zilikuwa 10 kona zote nne. Piga hesabu mwenyewe. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo pale juu kulikuwa na lita 12,000, yaani tani 12 zimelala juu ya kitanda changu. Na asubuhi yake nilikuwa nimemlipa mtu wa boza aniletee maji.

Nikapapasa konani mpaka nikalipata tundu. Nikachoma na nondo, nikahisi kitu laini, nikavuta. Karatasi ya mfuko wa saruji! Fundi aliziba bomba zege lisiingie, akaondoka zake. Bomba likavuta pumzi, likafanya gloop, na maji yakaanza kuzunguka kwenda tunduni. Nilinyanyua mikono yote miwili gizani, mvua inanipiga, nikajiona injinia.

Ndipo nikasikia chini: "Yesu wangu! Nimefanya nini mimi!"

Kumbe fundi, ili kubana matumizi, hakulitoa bomba la mvua nje. Alilichomeka kwenye mstari wa choo cha wageni. Shimo lilishajaa kwa masika. Maji yakashuka mbio, yakafika kwenye chemba, yakakuta pamejaa, na kwa ile akili yake yakajitafutia njia. Njia yenyewe ilikuwa choo cha kukaa, na kilikuwa kimekaliwa.

Zaidi ya hapo siwezi kueleza, ni mkwe. Nilisikia tu mke wangu akikimbia na khanga, akipiga kelele, "Ziba! Huko juu ziba!" Mfuko ulishachanika. Nikavua fulana niliyopewa kwenye sendofu ya shemeji, nikaisokomeza. Ikamezwa. Nikabaki na kisigino. Nilikaa hivyo mpaka alfajiri, kisigino tunduni, vyura wananizunguka kama mwenyekiti wao.

Kulipokucha nikampigia fundi. "Aaah, ule mfuko? Si nilikwambia uutoe bosi?"

Fundi wa pili alikuwa mzee asiye na maneno. Aliomba gololi ya mwanangu, akaiweka katikati ya slabu. Ikakaa. Akaitazama, akanitazama, akauliza kama nimemlipa yule mtu hela yote. Kisha akamwaga sakafu mpya yenye mteremko, kila mita moja ishuke sentimita 2, akapaka dawa ya kuzuia maji, akaweka matundu mawili ya inchi 4 yenye kofia za wavu na bomba zake mpaka mtaroni, mbali na choo. Tundu la tatu akatoboa kwenye ukuta wa pembeni, juu kidogo ya yale mawili, likachungulia mbele ya nyumba. La nini? "Hayo yakiziba, hili litamwaga barabarani mtaa mzima ukuone. Hili ni la kukuumbua."

Mama mkwe alirudi mwezi wa tisa, jua kali, hakuna hata wingu. Alikula, akapumzika, akachukua khanga yake akaelekea msalani. Mlangoni akasimama.

"Baba, uko wapi?"

"Niko sebuleni, mama."

"Kaa hapohapo."