Nyumba ya jasho ikipanda bei, faida ni ya nani?

Mwaka 1973 Millard na Linda Fuller, mume na mke kutoka Marekani, walihamia Zaire wakawa wanajenga nyumba za watu wa kipato cha chini mjini Mbandaka. Waliporudi kwao, mwaka 1976, wakaanzisha shirika la ujenzi wa nyumba la Habitat for Humanity huko Americus, Georgia. Familia haipewi nyumba bure. Inainunua kwa mkopo wa masharti nafuu, ambao hapo mwanzo haukuwa na riba kabisa, na inatoa jasho lake: mara nyingi saa mia kadhaa za kujenga.

Saa hizo zina wakosoaji. Mama mwenye ajira mbili, anayelea watoto peke yake, atazipata wapi? Hoja hii ina uzito, ingawa matawi mengi huwaruhusu ndugu na marafiki wamsaidie kuzitimiza. Mimi naitetea kazi hiyo. Aliyeshika nyundo na kupigilia fremu ya ukuta kabla haujafunikwa anajua bomba limepita wapi. Siku likivuja, haanzi kubomoa kwa kubahatisha.

Mvutano mkubwa uko kwenye kuuza. Tuseme nyumba ina thamani ya dola 250,000 na familia inalipa 150,000. Hizo 100,000 zilizobaki zimezibwa na michango na nguvu za wanaojitolea. Miaka 15 baadaye mtaa umewavutia wenye pesa, na nyumba hiyo inafika 450,000.

Wapo wanaosema familia ichukue yote. Nchini Marekani nyumba ndiyo akiba kubwa ya familia za kawaida, na Weusi walinyimwa akiba hiyo makusudi. Katika miaka ya 1930 ramani za serikali ziliipaka mitaa yao rangi nyekundu, ikahesabiwa hatari kwa wakopeshaji. Ubaguzi wa namna hiyo ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1968. Kumwambia mjukuu wa watu hao kwamba nyumba ni yake lakini faida si yake ni kutonesha kidonda. Nakiri hoja hii hunigusa kuliko zote.

Hata hivyo, nyumba ikishauzwa 450,000, familia inayofuata kwenye foleni haiigusi tena, na shirika linaanza upya kuchangisha. Burlington, Vermont, walichukua njia nyingine tangu 1984: familia inamiliki nyumba, ardhi inabaki kwa shirika la huko. Anayeuza hurudishiwa alichokwisha kulipa pamoja na robo ya ongezeko la thamani. Kwa mfano wetu, robo hiyo ni dola 50,000, na nyumba inabaki kwenye bei ambayo dereva wa basi anaimudu.

Naegemea huko, kwa sharti kwamba hesabu hiyo iwekwe mezani kabla ya kusaini, kwa tarakimu, katika lugha ambayo familia inaielewa. Tena kuna kodi ya majengo. Baadhi ya majimbo huikadiria kwa kuzingatia kikomo cha bei ya kuuzia. Kwingine mwenye nyumba hutozwa kwa bei ya soko, bei ambayo mkataba wake unamkataza kuipokea. Wanaotaka familia iache faida kwa ajili ya jirani ajaye wangeanza kwa kuiondolea kodi ya faida hiyo.