Simu ya Kuzungusha: Itengenezwe au Iachwe Ilivyo?

Hapa Tabora, simu nyeusi ya kuzungusha namba siku hizi unaikuta mahali pawili: juu ya kabati la sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, au kwenye lundo la muuza vyuma chakavu. Ya lundoni thamani yake ni uzito wa shaba iliyomo ndani. Nimeokoa tatu kutoka kwenye malundo hayo, na kila moja imezua ubishi uleule kati yangu na fundi redio ninayemwamini kuliko wote mjini.

Fundi anasema simu isiyolia ni kopo. Anataka waya mpya, kisahani cha namba kizunguke na ganda ling'ae. Wapo wanaompinga, wakisema kila unapoigusa unafuta kitu: alama za vidole, mikwaruzo, waya uliovikwa uzi, uliochakaa pale mkono wa karani ulipozoea kuuvuta.

Kwa upande wa kisahani, niko na fundi. Almon Strowger, mfanyabiashara wa mazishi wa Kansas City huko Marekani, aliamini waunganishaji wa simu wanawapeleka wateja wake kwa mshindani. Akabuni mtambo wa kuunganisha simu bila mkono wa mtu, akapata hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, mwaka 1891, na mwaka 1892 mtambo wa aina hiyo ukaanza kazi La Porte, Indiana. Kisahani cha namba kilikuja baadaye kuutumikia. Maana yake yote ni kwamba anayezungusha hamwombi mtu ruhusa wala msaada. Kisahani kilichoganda kimepoteza hilo, hata kama nje simu ni nzima.

Na mara nyingi hakijafa. Ukivuta kwa kidole unakaza springi. Ukiachia, kisahani kinarudi chenyewe kikikata umeme wa laini: katika simu za Kiingereza, mara moja kwa namba 1, mara kumi kwa sifuri, kwa kasi ya mapigo 10 hivi kwa sekunde. Kasi hiyo inashikwa na vizito vidogo vinavyotanuka vikizunguka. Grisi ikikauka, kisahani kinarudi kwa kujikokota na mtambo unahesabu vibaya. Dawa yake ni kusafisha kwa subira na tone la mafuta mepesi. Hakuna kilichoondolewa, hakuna kilichoongezwa.

Ganda ni habari nyingine, na hapa fundi nami tunaachana. Bakelaiti, aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907, ni utomvu wa viwandani uliochanganywa na unga wa mbao au kijazio kingine. Ile ngozi laini ya juu ndiyo inayong'aa. Ukipiga msasa unaitoa, unafikia unga, na hapo rangi inafifia na ganda linaanza kunywa unyevu. Haikui tena. Vumbi lake nalo si la kuvuta, kwa kuwa baadhi ya maganda ya zamani yalitiwa asbesto. Kitambaa laini na nta vinatosha.

Kuna kosa baya kuliko msasa: kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Simu ya Kiingereza ya namba 162, iliyotoka mwaka 1929, haina kengele ndani. Kengele yake ilikaa kwenye kisanduku cha pembeni. Asiyejua hilo atadhani imeibiwa, atatoboa kitako apachike nyingine, na ameua simu iliyokuwa kamili.

Wanaotetea ukarabati wa kina hunitajia meli ya Liemba ya Kigoma, katika Ziwa Tanganyika, na mfano huo nauheshimu. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini 1927. Miaka ya 1970 injini zake za mvuke zilitolewa, zikawekwa za dizeli, na hakuna anayeiita meli nyingine. Ni kweli. Ila Liemba ilikuwa na abiria na mizigo ikingojea bandarini, na ilibidi iende. Simu yangu haina abiria. Hakuna linalonilazimisha kuitoa matumbo ili iwe ya kisasa, nami huumia nikiona iliyogeuzwa taa ya mezani. Hata mitandao ya leo isiyoelewa mapigo inafikiwa kwa kifaa kidogo cha kuyageuza kuwa milio, kinachokaa nje kwenye waya, na simu ndani inabaki ilivyokuwa.

Simu ya tatu bado iko mezani kwa fundi. Tumekubaliana waya wa uzi ubadilishwe, maana umekatika na unagusana. Ule wa zamani nitaufunga kwenye mfuko pamoja na karatasi inayoeleza ulitoka wapi na lini. Kadi iliyo katikati ya kisahani, yenye namba tatu zilizoandikwa kwa wino uliofifia, haiguswi.