Msinionyeshe Mwisho, Niacheni Nitafute

Juzi rafiki yangu alinikuta nimetulia mbele ya kompyuta, mkono hauchezi, macho kwenye picha ya mabaharia waliolala katika vitanda vya kuning'inia. Akauliza kama gemu imeganda. Nikamjibu kuwa nafikiri. Akatoa simu, akatafuta video ya mtu aliyeimaliza, akaniwekea mbele ya uso: "Tazama hapa, utajua mara moja nani kamuua nani." Alidhani ananisaidia. Mimi iliniuma, na bado inaniuma.

Gemu yenyewe ni Return of the Obra Dinn, aliyoitoa Lucas Pope mwaka 2018. Meli inarejea bandarini mwaka 1807 bila mtu hai hata mmoja, na wewe ni mkaguzi wa bima. Unapewa kitabu chenye majina 60, utambue kila mmoja ni nani na alikufaje, na saa ya mfukoni inayokurudisha pale pale mtu alipokata roho. Kwanza unasikia sauti gizani, kisha unaona tukio limesimama kama sanamu. Basi. Hakuna anayekuambia huyu ni fulani. Utamjua kwa lafudhi, kwa kofia, kwa aliyesimama naye wakati wa hatari. Nilihangaika usiku mbili na mabaharia wanne, mpaka nilipoona miguu iliyochungulia kwenye vitanda, kila kitanda na namba yake, na namba ile ile imo kwenye orodha ya majina. Viatu! Viatu vile nilikuwa nimeviona mara kumi kwenye matukio mengine. Nilisimama kwenye kiti.

Hiyo furaha video haina. Katika riwaya ya upelelezi, ukurasa unaofuata upo hata kama hujaelewa kitu. Mpelelezi atafika tu, uwe umelala au uko macho. Hapa hadithi inakusubiri wewe. Usipoelewa, haisogei. Na kubahatisha hakufai sana, maana kitabu hakikubali jibu moja moja, kinathibitisha matatu kwa pamoja. Pope aliwaheshimu wachezaji wake kiasi cha kuwadai wafikiri, na heshima ya namna hiyo siioni mahali pengi.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba si kila fumbo ni la haki. Gabriel Knight 3, gemu nyingine ya upelelezi ya mwaka 1999, inakutaka ukusanye manyoya ya paka utengeneze masharubu bandia ya kumwiga mtu ambaye hana masharubu. Hapo hata mimi nilitafuta jibu, na sijutii. Fumbo likiachana na akili ya kawaida, mchezaji haachiwi chochote zaidi ya kubofya kila kitu juu ya kila kitu.

Lakini hilo ni kosa la fumbo moja, si la gemu zote za mafumbo. Anayesema "hizi si gemu, ni kubofya picha" hajawahi kukaa kimya na picha moja mpaka ikamfungukia. Kuna kasi za kutosha kwingine kote. Her Story, gemu nyingine ya 2015, haina hata mtu wa kumkimbiza: kuna video za mwanamke anayehojiwa na polisi, na kisanduku cha kuandika maneno ya kuzitafuta. Nilicheza mpaka alfajiri.

Kwenye Obra Dinn zimenibakia nyuso nne nisizozijua majina. Mnaozijua, nawaomba sana, msiniambie.