"Sawa" Yenye Nukta

Jamani, nani kawafundisha watu kujibu "Sawa" halafu wakaweka nukta? Luku ikate, gesi iishe, mtu anavumilia. Lakini nukta! Mtu kanuna na hasemi.

Baba anaingia saa tatu usiku. Jikoni sufuria inaongea yenyewe: kwa! kwa! "Mama Nanihii, una nini?" "Sina kitu." Mwanamume mzima, mwenye kitambulisho cha taifa, anajibu "Haya," anawasha taarifa ya habari. Sufuria inapandisha sauti. Naye anapandisha televisheni. Bibie anapita mbele yake mara nne, kajifunga kanga ya "Japo sipati tamaa sikati", maandishi yamekaa sawia. Bwana ananyoosha shingo asome bei ya korosho.

Mambo haya ya kumng'ang'ania au kumkwepa umpendaye, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza kuyachunguza kwa majirani zetu Uganda, vijiji vya karibu na Kampala, 1954 hadi 1955. Baadaye, Baltimore, Marekani, akawa anamweka mtoto wa mwaka mmoja chumbani. Mama anatoka dakika tatu, anarudi. Jicho lake lilikuwa kwenye kule kurudi. Kuna mtoto anayekumbatiwa akatulia. Kuna anayeng'ang'ania huku akirusha mateke: ndiyo sufuria hiyo. Kuna anayejifanya ana shughuli nyingi na midoli: taarifa ya habari. Mwaka 1987 wanasaikolojia Hazan na Shaver wakaiona mikao hiyohiyo kwa wapenzi watu wazima.

Sufuria ikigongwa, baba anajificha. Akijificha, inagongwa zaidi, na kila mmoja anaapa mwenzake ndiye kaanza. Tena asiyejiamini akiambiwa "umechelewa" anasikia "hufai". Kaambiwa habari ya saa tu!

Moyo ukipita mapigo 100 kwa dakika, masikio yameshafungwa. Gottman, mtafiti wa ndoa, anashauri mapumziko yasiyopungua dakika 20, lakini utaje saa ya kurudi: "Nimepandwa na hasira, saa nne kamili tuongee." Baba akisikia "mapumziko" anakimbilia kijiwe cha kahawa mpaka saa sita. Hilo ni jaribio la Ainsworth lenye kashata!

Na "Sina kitu" ingekuwa "Nilikungoja tangu saa moja, simu hukupokea, nikaogopa." Maneno saba, bure kabisa. Sufuria je? Mafundi wenyewe hawa, unampelekea iliyobonyea kushoto, anakurudishia imebonyea kulia, mfuniko haukai, ubwabwa unatoka mbichi juu, halafu ukimuuliza anakuambia moto wako ndio mkali, na hela ya kugonga keshaila...