Safari ya kwanza nje ya nchi: wakala anakuuzia nini hasa?

Mtu wa Nairobi akitangaza kwamba anataka kusafiri nje ya nchi, jamaa zake huuliza anaenda na nani kabla hata ya kuuliza anaenda wapi. Akijibu "peke yangu", mama ataanza habari za usalama, shangazi atashuku kuna mchumba aliyefichwa, na rafiki atamtumia tangazo la pakeji ya Dubai: siku tano, hoteli na kifungua kinywa, lipa polepole. Mjadala huishia hapo, kana kwamba suala zima ni nani ana moyo mgumu na nani hana. Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, naona moyo una nafasi ndogo sana. Kinachoamua ni mpaka anaotaka kuuvuka na karatasi atakazodaiwa pale.

Tuanze na mipaka ambayo haisumbui. Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa tu, na imekuwa hivyo tangu 2014. Tanzania inataka pasipoti lakini haitaki viza. Ethiopia vilevile. Afrika Kusini, ambayo zamani ilikuwa na mlolongo wa taarifa za benki na barua za mwajiri, iliondoa viza kwa Wakenya kuanzia Januari 2023, na sasa mtu anaweza kukaa huko hadi siku 90 kwa mwaka. Kwa safari za namna hii, ni vigumu kuona wakala aliyeko Nairobi anaongeza nini. Tiketi ya basi la Kampala inauzwa dirishani katikati ya jiji; unapanda jioni, unagongewa muhuri Busia au Malaba usiku, na asubuhi umefika. Namanga kuna kituo cha pamoja cha mpakani, unatoka Kenya na kuingia Tanzania chini ya paa moja, kisha Arusha haiko mbali. Chumba unakichukua kwa simu. Tanzania hata lugha ni yako.

Watetezi wa safari za kundi, yaani hizo pakeji za wakala, hujibu kwa hoja ya bei, na hoja hiyo ina ukweli nusu. Wakala anayechukua vyumba kumi kwa mpigo hupunguziwa, na gari moja likigawanywa kwa watu sita linakuwa nafuu kwa kila mmoja. Lakini soma tangazo kwa makini. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya watu wawili wanaolala chumba kimoja, na anayetaka kulala peke yake huongezewa. Chakula cha mchana na cha jioni kwa kawaida hakimo. Bakshishi haimo. "Shughuli za hiari" ndizo zile zile ulizoziona kwenye picha zilizokuvutia. Ukijumlisha vyote hivyo ndipo unaweza kulinganisha na hesabu ya anayejipangia mwenyewe, na hapo pengo hupungua sana, wakati mwingine hugeuka upande wa pili.

Kuna jambo moja ambalo wapenda safari za kujitegemea hulidharau, nalo ni hilo "lipa polepole". Kwa mtu anayesubiri mshahara mwisho wa mwezi na ana wadogo zake wa kulipia karo, pakeji inayolipwa kwa awamu ndiyo njia pekee ya safari kutokea kabisa. Pesa ikikaa kwenye simu italiwa na harusi, matanga na harambee. Ikiwa kwa wakala, haiguswi. Tatizo ni kwamba haiguswi hata na wewe. Kwa miezi yote hiyo umemkopesha mfanyabiashara bila riba na bila dhamana, na kampuni ikifunga ofisi kabla ya tarehe ya safari, utabaki na risiti. Akaunti ya akiba ya Sacco ingefanya kazi ile ile ya kukufungia pesa, na ingebaki yako.

Mambo hubadilika ukifika kwenye nchi zinazodai viza ngumu, na hapa nakubali kwamba upande wa kundi una nguvu. Chukua nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja. Ada ya maombi ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si yoyote utakayoipenda, na hayapokelewi mapema kuliko miezi sita kabla ya safari wala, kwa kawaida, yakiwa yamebaki chini ya siku 15. Mtu anayefanya haya mara ya kwanza hukosea vitu vidogo: tarehe za bima hazilingani na za tiketi, au hoteli imebukiwa Paris ilhali fomu imekwenda kwa Wajerumani. Wakala mzoefu huyaona haya kwa dakika chache. Na kwa fundi au mama mwenye duka la mitumba Gikomba, ambaye biashara yake yote inapita M-Pesa na benki haimjui, kumpata mtu anayejua jinsi ya kupanga ushahidi wa kipato chake ni msaada wa kulipiwa.

Ila huo ni msaada wa makaratasi, si viza. Ofisa wa ubalozi hatazami kundi. Watu ishirini waliolipa safari moja ni maombi ishirini, kila mmoja na akaunti yake, barua yake ya likizo, na sababu yake ya kurudi nyumbani. Wawili wanaweza kukataliwa na wengine wakaenda. Wakala anayesema viza "ni ya uhakika" anauza kitu ambacho hakimo dukani mwake.

Dubai iko katikati. Mkenya hapewi viza akishuka ndege. Huombewa na shirika la ndege, hoteli au wakala. Kwa hiyo hata anayejiita msafiri huru atapitia kwa mtu. Sioni aibu yoyote kuchukua pakeji huko.

Halafu kuna uwanja wa ndege wenyewe. Vijana wengi hulalamika kwamba maofisa wa JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, huwahoji kama washukiwa: unaenda kufanya nini, nani anakupokea, una pesa kiasi gani. Inaudhi, lakini ina chanzo. Wakenya wamewahi kudanganywa kwa ahadi za kazi Thailand, wakajikuta Myanmar kwenye kambi za utapeli wa mitandaoni. Kijana aliye peke yake, mwenye tiketi ya kwenda tu na asiyejua jina la hoteli yake, anafanana sana na wale. Kundi hupunguza maswali hayo, ingawa hata wasafirishaji haramu wa binadamu huwapeleka watu kwa makundi na huwa na "wakala". Kinachosaidia zaidi ni karatasi zilizochapishwa: tiketi ya kwenda na kurudi, nafasi ya hoteli, barua ya likizo. Simu huisha chaji.

Kuhusu wanawake, wanaume wengi huandika kana kwamba hofu ya mama ni ushamba. Si ushamba. Kufika jiji geni usiku wa manane ukiwa peke yako ni hatari ya kweli, na pakeji inayokuchukua uwanjani hadi mlangoni huiondoa. Lakini ndege inayotua mchana nayo huipunguza, tena bure. Kigali, iliyojijengea sifa ya mji salama hata kwa mtu anayetembea jioni, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mwanamke aliye peke yake. Akumbuke tu kwamba magari huko hupita upande wa kulia, kwa hiyo atazame kushoto kwanza anapovuka.

Nisichokielewa ni kwa nini tunachagua kana kwamba kuna njia mbili tu. Unaweza kwenda Arusha mwenyewe, kisha ukajiunga na kundi kulekule kwa siku mbili za Ngorongoro, kwa sababu kreta haiingiliki kwa bodaboda. Hapo kundi lina maana: gari, dereva na mafuta vinagawanywa. Sema mapema kwamba wewe ni raia wa Afrika Mashariki, kwani viingilio vya hifadhi za Tanzania kwetu ni vya chini sana kuliko vya watalii wa mbali, na bei ya kwanza utakayotajiwa huenda imehesabiwa kwa Mzungu. Kundi la siku mbili unaweza kulivumilia hata likiwa na mtu anayechelewa kila asubuhi. La siku tisa, hapana.

Mengine ni madogo. Chanjo ya homa ya manjano ichanjwe angalau siku 10 kabla ya safari, maana Afrika Kusini na Tanzania huulizia cheti kwa wanaotoka Kenya. Ukishakipata ni cha maisha. Noti za dola ziwe mpya, kuukuu zitakataliwa. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, iliyoanza 2022, hulipia hoteli nyingi bila kuhitaji benki.

Na ukiamua pakeji, angalia kwanza kama kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Kisha, kabla ya kutuma depositi, uliza: nikinyimwa viza narudishiwa kiasi gani, na baada ya muda gani? Akikujibu kwa maandishi, endeleeni kuzungumza. Akikujibu kwamba kwake hajanyimwa mtu hata mmoja, tafuta mwingine.