Mkataba Uliolipwa na Watu wa Acoma

Mjadala kuhusu walowezi wa Kihispania waliosonga kaskazini mwa Meksiko katika karne ya 16 kwa kawaida humwangukia mtu mmoja, Juan de Oñate, ambaye baadhi humwita mwasisi na wengine mkatili. Sina haja ya kumtetea. Hata hivyo, naamini kwamba ukatili wa majimbo yale ya mpakani ulikwisha kuandikwa katika mikataba kabla upanga haujachomolewa.

Mzizi wa jambo hili uko Zacatecas, ambako madini ya fedha yaligunduliwa mwaka 1546, na miongoni mwa waliotajirika walikuwamo Wabaski watatu, yaani watu wa asili ya kaskazini mwa Hispania: Juan de Tolosa, Cristóbal de Oñate na Diego de Ibarra. Utajiri wa Diego ndio uliomwezesha Francisco de Ibarra, mtoto wa ndugu yake, kuteuliwa gavana mwaka 1562, kuliita jimbo lake Nueva Vizcaya kwa kukumbuka Vizcaya, nchi ya asili ya Wabaski, na mwaka uliofuata kuanzisha mji wa Durango. Inashangaza kwamba watu wa Vizcaya walizilinda mno sheria zao za kimila, hata wafalme wakaapa kuziheshimu chini ya mwaloni wa Gernika, lakini Watepehuan, ambao ardhi yao iliingizwa katika jimbo hilo, hawakuulizwa lolote, na mwaka 1616 wakaasi.

Mfalme alipenda kupanua himaya bila kugusa hazina yake. Kwa hiyo mwaka 1595 Juan de Oñate, mwana wa Cristóbal, alipewa mkataba wa kuikalia New Mexico kwa gharama zake mwenyewe, na malipo yake yangekuwa cheo, ardhi, na haki ya kuwagawia wafuasi wake kodi na kazi za wenyeji. Mtu aliyekopa na kuuza mali ili kulisha mamia ya walowezi hana budi kurudisha fedha zake. Walipofika mwaka 1598 hawakukuta Zacatecas ya pili, na majira ya baridi yalipoingia askari walikwenda kijiji hadi kijiji wakichukua mahindi na mablanketi, kwa watu ambao akiba yao ya chakula ndiyo iliyowavusha miaka ya ukame.

Desemba mwaka huo Juan de Zaldívar, ndugu wa ukoo wa Oñate, alipanda Acoma, kijiji kilichojengwa juu ya mwamba mrefu wenye kuta wima, kutafuta unga. Mapigano yakazuka, naye akauawa pamoja na baadhi ya askari wake. Januari 1599 Vicente de Zaldívar, mdogo wake marehemu, alipewa uongozi wa kikosi cha kulipiza. Kijiji kikachomwa moto, na mamia wakafa. Waliosalia walishtakiwa, na hukumu ikaamuru wanaume waliozidi miaka 25 wakatwe mguu mmoja na kutumikishwa miaka 20. Wanawake na vijana kuanzia miaka 12 nao watumikishwe muda huohuo. Na wavulana walio chini ya umri huo wakabidhiwe kwa Vicente de Zaldívar. Hakimu alikuwa Oñate mwenyewe. Yaani ukoo mmoja ulikuwa mfiwa, jeshi, mahakama na mpokeaji wa mateka, na hapo ndipo ninapoona gharama halisi ya kuukodisha utawala kwa familia.

Wapo wenyeji waliofahamu nguvu ya karatasi. Mwaka 1591 takriban familia 400 za wenyeji wa Tlaxcala, katikati ya Meksiko, zilikubali kuhamia kaskazini kama walowezi, lakini baada ya kudai msamaha wa kodi, ardhi yao wenyewe na ruhusa ya kupanda farasi. Watu wa Acoma hawakupata nafasi ya kujadiliana, kwa kuwa wao ndio waliotarajiwa kulipa.

Mwaka 1614 Oñate alipatikana na hatia, pamoja na makosa mengine, kwa ukatili wake, akafukuzwa New Mexico milele. Haki ya walowezi kutoza kodi ya mahindi na nguo ikabaki palepale, hadi Agosti 1680, Wapueblo, yaani wenyeji wa vijiji kama Acoma, wakiongozwa na Popé walipoasi, wakaua takriban Wahispania 400 na kuwatimua waliobaki hadi El Paso. Wahispania walianza kurudi mwaka 1692, lakini mfumo ule wa kodi haukusimama tena.