Mfuteni Mdaiwa wa Tatu, Arudi kwa Dagaa Wake

Jumanne iliyopita nilimsindikiza mama yangu mdogo kwenye baraza la ardhi na nyumba, alikoshtakiwa, kwa mara ya sita. Tulivuka alfajiri kwa kivuko cha Kamanga, yeye amekumbatia mfuko wa nailoni wenye wito, nakala ya hati ya madai na risiti ya yule aliyemwandikia utetezi, vyote vikinuka dagaa. Saa nne na robo tulikuwa tumekwisha kutoka, kwa kuwa wakili wa mdaiwa wa kwanza alikuwa na udhuru Mahakama Kuu na shauri likaahirishwa. Kule ng'ambo dagaa walikuwa wamebaki na watoto juu ya chanja, na mvua ya saa tano haikujali udhuru wa wakili.

Kosa la mama mdogo ni kwamba alijua kuandika jina lake. Jirani alipouza kiwanja alimwita awe shahidi, naye akatia sahihi, akanywa chai, akaondoka. Baadaye muuzaji akakiuza kiwanja kilekile kwa mtu mwingine, mnunuzi wa kwanza akaenda kushtaki, na katika orodha ya wadaiwa, chini ya muuzaji na mnunuzi wa pili, likawekwa jina la mwanamke ambaye hajawahi kumiliki hata kona ya kiwanja hicho. Nimeisoma hati ya madai yote, aya 14. Ametajwa katika aya mbili tu, moja ikieleza anakoishi na nyingine ikieleza kwamba alishuhudia mauziano. Katika nafuu, yaani amri ambazo mdai anaomba zitolewe, hakuna hata moja inayomtaka arudishe kitu, alipe kitu au aache kufanya kitu.

Nilimuuliza wakili wa mdai pale kwenye veranda, kwa adabu zote, sababu ya kumshtaki. "Tumemweka kwa tahadhari tu, mwalimu," akanijibu, "asije akatukimbia siku ya ushahidi." Tahadhari! Kwa mantiki hiyo, anayetaka kuazima jembe na amfunge jirani kamba kwanza. Shahidi ana wito wake kisheria, na anayemwita ndiye anayepaswa kuweka fedha za safari yake. Mdaiwa hujilipia mwenyewe, na ana siku 21 za kujibu madai asiyoyaelewa. Kwa hiyo tahadhari hiyo imemhamishia mama mdogo gharama ya shauri la watu wengine, nauli baada ya nauli.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ipo na haihitaji hata kuombwa. Amri ya Kwanza, Kanuni ya 10(2) ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inaipa mahakama uwezo wa kuliondoa jina la mtu aliyeunganishwa isivyostahili katika hatua yoyote ya shauri, kwa maombi ya upande wowote au bila maombi. Nitaambiwa kwamba baraza lina kanuni zake. Linazo, lakini zinapopungukiwa, sheria yake yenyewe inalirudisha kwenye Sura ya 33 hiyohiyo. Nitaambiwa pia kwamba Kanuni ya 13 inataka pingamizi la namna hii litolewe mapema, kabla au wakati wa kupangwa kwa hoja zinazobishaniwa, la sivyo huhesabiwa kuwa limeachwa. Ni kweli. Lakini mtu asiye na wakili, anayedhani "pingamizi" ni ugomvi na kwamba kugombana mbele ya mheshimiwa ni utovu wa adabu, atalitoa vipi? Ndiyo maana maneno "bila maombi" yamo katika kanuni. Mwenyekiti wa baraza aisome hati ya madai siku ya kwanza ya kutajwa, aulize swali moja, "Huyu unamdai nini?", na jibu likikosekana alifute jina hapohapo, pamoja na amri ya gharama kwa aliyeliweka.

Nakubali, shingo upande, kwamba mawakili wana la kuhofia. Mwenendo mzima umewahi kubatilishwa katika rufaa kwa sababu mhusika wa lazima aliachwa nje, na hakuna anayependa kuanza upya baada ya miaka. Lakini mhusika wa lazima ni yule ambaye bila yeye amri haiwezi kutolewa ikatekelezeka, na shahidi wa mkataba hajawahi kuwa huyo.

Tahadhari ya aina hiyo humrudia hata mdai: wanaoishtaki halmashauri ya kijiji kwa sababu tu mtendaji aligonga muhuri wajue kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 wanajitwisha kutoa kwanza notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwenda Mahakama Kuu, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba.

Tukiwa tunarudi kivukoni, mama mdogo alinyamaza mpaka tulipofika katikati ya maji, kisha akanigeukia. "Mwanangu," akasema, "hii kesi nikishindwa najua wataniandama. Sasa nikishinda, nitakuwa nimeshinda nini?"